Anivasari Roma: jinsi ya kupanga safari ya wawili hatua kwa hatua

Watu wengi wakisafiri kwenda Ulaya kusherehekea anivasari wanataka wamalize bara zima kwa wiki moja, leo Roma kesho Florence keshokutwa Venice afu wamalizie Paris, wanarudi wana picha za kutosha simu mbili lakini ukiwauliza mlipata muda wa kukaa wawili mkaongea wanatazamana tu. Mwongozo huu ni wa mji mmoja, Roma, siku tano hadi sita, na una kanuni moja ambayo naomba mnisamehe nikiirudia: kila siku buku kitu kimoja tu chenye saa maalumu, muda wote unaobaki uacheni wazi uwe wenu. Roma hamtaimaliza hata mkikaa mwezi, kwa hiyo msiende na nia ya kuimaliza.

Hatua ya kwanza: ongeeni kabla hamjagusa tiketi

Kabla mtu hajafungua apu ya ndege kaeni chini, kila mmoja achukue karatasi yake aandike mambo matatu anayoyataka kwenye hii safari na moja asilolitaka kabisa, afu mbadilishane. Msibishane hapo, someni tu. Mara nyingi ndo hapo mtu anagundua mwenzie hata hana shida na Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi, anachotaka ni kulala mpaka saa tatu asubuhi bila kuitwa na mtu, wakati yeye alishapanga kumwamsha saa kumi na moja wakaangalie jua likichomoza. Mkilijua mkiwa nyumbani mnalipanga, mkilijulia kule hotelini mnanuniana siku nzima na siku yenyewe mmeilipia.

Pesa nayo iongeleeni hapo hapo na muitaje kwa namba, maana ile "tutaona huko huko" ndo inaleta maneno mbele ya mhudumu bili ikishafika mezani. Wekeni jumla, toeni kwanza ndege, viza na malazi, kinachobaki gawanyeni kwa siku, afu siku ya anivasari yenyewe ipeni fungu lake pembeni lisiguswe na matumizi ya siku nyingine.

Kuhusu sapraizi. Najua wengi wanatamani kumfanyia mwenza sapraizi ya safari nzima, ila kama pasipoti zenu zinahitaji viza hilo halitawezekana kwa siri, kwa sababu fomu ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kila mwombaji anasaini yake na anaenda mwenyewe kutoa alama za vidole, labda awe alishazitoa ndani ya miezi 59 iliyopita. Kwa hiyo safari mpange wote, sapraizi iwe ndani ya safari, kitu kidogo ambacho mwenzako hakijui: meza mahali fulani, barua uliyoiandika kwa mkono, mpiga picha wa nusu saa asubuhi, au ile nguo anayoipenda umeibeba kwenye begi lako bila yeye kujua. Kusema kweli hizi ndogo ndo zinakumbukwa.

Hatua ya pili: tarehe

Tarehe ya ndoa yenu inaweza kuwa imeangukia msimu mbaya, na hakuna dhambi kuisogeza sherehe. Kama mlioana Agosti mimi nawashauri msogeze, maana Julai na Agosti joto linapita nyuzi 30 siku nyingi, na tarehe 15 Agosti Waitalia wana sikukuu yao kubwa ya Ferragosto ambapo migahawa mingi ya kifamilia inafungwa, mingine kwa wiki mbili na zaidi, wenyewe wako baharini. Muda mzuri ni kuanzia katikati ya Aprili mpaka mwanzoni mwa Juni, halafu mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Pasaka angalieni imeangukia lini kwa sababu wiki ile mahujaji wanajaa na bei za vyumba zinapanda. Januari baada ya tarehe 6 na Februari bei zinashuka sana na mji unapumua, ila baridi ipo na jua linaondoka mapema. Hili la jua watu hawalifikirii kabisa, mwezi Juni linazama karibu saa tatu kasoro usiku, Desemba saa kumi na moja jioni limeshazama, sasa kama ndoto yenu ni kuangalia machweo mkiwa juu kilimani mjue mnapanga kwa saa ngapi.

Angalieni pia siku za wiki kabla ya kuamua lipi lifanyike lini. Galleria Borghese, nyumba ya sanaa, inafungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani yanafungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure na foleni yake sitaki kuielezea. Jumatano asubuhi Papa akiwa na katekesi yake pale uwanjani, eneo zima la Mtakatifu Petro linajaa watu.

Hatua ya tatu: viza, na hapa msicheze

Kama mnahitaji viza basi hii ndo inaamua kila kitu, hata siku ya kubuku hoteli. Italia iko Schengen kwa hiyo mnaomba viza ya muda mfupi kupitia Italia kwa kuwa ndo mnakolala. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila msije mkasubiri hizo siku 15, jibu kwa kawaida linatoka ndani ya siku 15 lakini wakitaka kuchunguza zaidi linaweza kufika siku 45, na hapo hujahesabu muda wa kusubiri miadi ya kupeleka makaratasi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024 na hairudi hata mkinyimwa, na kama maombi yanapokelewa na kampuni ya wakala kuna malipo yake juu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na miezi 3 baada ya siku mnayotoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Bima ya safari ni lazima, yenye kufikia angalau yuro 30,000 kwa matibabu na kurudishwa nyumbani.

Kwa wanandoa kuna la ziada. Kila mmoja ana faili lake kamili, msidhani mkienda pamoja moja linatosha. Kama mmoja ndo anagharamia wote wawili, aandike barua inayosema hivyo, ikae kwenye mafaili yote mawili pamoja na nakala ya cheti cha ndoa na stetimenti za benki, na cheti hicho kinasaidia zaidi kama majina ya ukoo kwenye pasipoti hayafanani. Ombeni miadi siku moja, tarehe za kwenda na kurudi zifanane herufi kwa herufi kwenye fomu, kwenye hoteli na kwenye ndege.

Na mpaka viza itoke, malazi bukuni ya aina inayokubali kukansel bure. Tiketi ya ndege isiyorudishwa pesa msiinunue kabla, hata kama bei imeshuka inakuita.

Hatua ya nne: pa kulala

Hapa watu wanaangalia nyota na picha ya bwawa wakati la muhimu ni mtaa, maana Roma inaliwa kwa miguu na mchana mtataka kurudi chumbani kupumzika, sasa kama hoteli iko nje ya mji hamtarudi, mtazunguka tu mmechoka. Mimi kwa wawili napenda Monti, mtaa wa vichochoro na vibaraza vidogo karibu na Colosseum, na metro ya Cavour iko pale pale. Wanaotaka utulivu waende Prati, ng'ambo ya mto karibu na Vatikani, barabara pana, maduka ya wenyeji, usiku kimya. Trastevere ni pazuri mno kwa kula na kutembea jioni lakini usiku wa wikiendi makelele yanaenda mpaka usiku wa manane, ukilala hapo omba chumba cha upande wa uani. Karibu na stesheni ya Termini kuna bei nafuu na usafiri wote, ila kwa anivasari ningeongeza kidogo nikae mbali na pale.

Kabla ya kulipa andikieni hoteli ujumbe mfupi muulize mambo haya: kuna lifti? (majengo ni ya zamani, kuna sehemu unabeba begi ngazi ghorofa nne), kuna kiyoyozi? na la muhimu kuliko yote, kitanda. Italia vyumba vingi vya watu wawili vina vitanda viwili vya mtu mmoja vimesogezwa pamoja na shuka moja juu, usiku mnalala vizuri mpaka mmoja ageuke, vitanda vinaachana katikati na mtu anajikuta kwenye mfereji. Ombeni wazi "letto matrimoniale", kitanda cha wanandoa, na muwaambie mnataka godoro moja. Humo humo waambieni ni anivasari yenu na ya miaka mingapi, hakuna anayelazimika kuwapa chochote lakini wahudumu wengi wakijua wanajitahidi, chumba cha juu kidogo, dirisha lenye mandhari, ua mezani.

Na mjue kuna kodi ya jiji ambayo mara nyingi haimo kwenye bei mliyoona mtandaoni, inatozwa kwa kila mtu kwa kila usiku kulingana na nyota, hoteli ya nyota tano inafika yuro 10, mnalipa pale pale.

Hatua ya tano: vitu vya kubuku kabla

Viko vitatu vinavyohitaji tiketi mapema: Colosseum, Makumbusho ya Vatikani na Galleria Borghese. Mkiwa na siku tano mnaweza vyote, kimoja kwa siku, ila mkitaka safari nyepesi chagueni viwili na mimi Borghese siiachi. Nunueni kwenye tovuti rasmi za wenyewe, maana kuna tovuti nyingi zinazofanana nazo zinauza mara mbili.

Tiketi ya Colosseum ya kawaida ni yuro 18 na inajumuisha Foro Romano (magofu ya katikati ya mji wa kale) na kilima cha Palatino, zinaanza kuuzwa siku 30 kabla na zina majina yenu, kwa hiyo mbebe pasipoti na jina liandikwe kama lilivyo. Vatikani ni yuro 20 na ukibuku mtandaoni unaongeza 5, chukueni saa ya kwanza asubuhi, vaeni nguo zinazofunika mabega na magoti wote wawili, mwanaume naye akija na kaptula anarudishwa. Ndani ya Sistina, kile kikanisa cha Vatikani chenye dari iliyochorwa, hakuna kupiga picha na hakuna kuongea, na kwa kweli ni nafuu, mnakaa tu pembeni mmeinua shingo. Basilika yenyewe ya Mtakatifu Petro kuingia ni bure, mnapita ukaguzi tu. Kupanda juu kwenye kuba lake ni ngazi 551, mkilipia lifti zinabaki 320, na zile za mwisho ni nyembamba zimeinama na ukuta, kama mmoja wenu anaogopa sehemu za kubana asilazimishwe.

Sasa Borghese. Hii bila kubuku hamuingii, mnapewa saa mbili kamili, zikiisha mnatoka, na kwa sababu idadi ya watu inadhibitiwa hamsukumani kama Vatikani. Nendeni moja kwa moja kwenye sanamu ya Apollo na Daphne ya Bernini, mungu wa hadithi za kale anamkimbiza msichana na msichana anageuka mti, aliichonga kati ya 1622 na 1625 akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Anzeni nyuma ya Apollo afu mzunguke taratibu, mkono kwa mkono, msikimbilie mbele. Mwanzo mnaona mtu anakimbia tu na nguo inapepea, mkisogea hatua kadhaa mnamwona msichana anarefuka kwenda juu, mkisogea tena vidole vyake vya mkono vimeshachipua majani, vya mguu vimetoa mizizi, gome la mti limempanda mpaka kiunoni, na yale majani ni membamba kiasi kwamba mtu anasahau ni marumaru. Jipeni dakika kumi nzima pale. Mkitoka, bustani ya Villa Borghese iko nje mlangoni, kuna ziwa dogo mnakodi mtumbwi mnapiga makasia wenyewe, bei ndogo tu, na mkitembea mpaka ukingo wa Pincio mnaona paa za mji wote na kuba la Mtakatifu Petro, na jua linazamia upande huo huo.

Tahadhari ndogo, tiketi zote zinaandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 15:00 ni saa tisa alasiri na 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Zihamishieni kwenye kalenda ya simu siku mnayonunua.

Hatua ya sita: zipangeni siku

Anivasari yenyewe iwekeni siku ya tatu. Siku ya kwanza mmechoka na ndege, ya pili mnauzoea mji, ya mwisho akili iko kwenye mabegi, ya tatu ndo mko pale kweli.

Mkitua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, kuna treni ya Leonardo Express, yuro 14 kwa mtu, dakika 32 mpaka Termini bila kusimama, au taksi nyeupe rasmi ambayo ina bei moja ya yuro 55 kwa gari mpaka ndani ya kuta za zamani za mji, mabegi ndani yake. Kwa wawili wenye mabegi taksi inawafikisha mlangoni na tofauti si kubwa, mimi nachukua taksi. Wale wanaowafuata ndani ya jengo wakisema "taksi, taksi" waacheni, fuateni kibao mpaka kwenye foleni. Siku hiyo msibuku kitu kabisa. Laleni kwa muda wa saa moja tu, si zaidi, jioni mtoke mtembee Piazza Navona mpaka Pantheon, lile hekalu la kale lenye tundu kwenye paa, mle chakula mlale. Kuingia Pantheon ni yuro 5 tangu Julai 2023, unaweza kurudi siku nyingine, na kama mvua inanyesha ndo muingie haswa, lile tundu la juu lina upana wa karibu mita 9 na halina kioo, mvua inashuka mpaka sakafuni na kuondokea kwenye vitundu vidogo vilivyotobolewa tangu zamani.

Siku ya pili Colosseum asubuhi, mchana mle Monti mrudi kulala. Ndio, kulala. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja jua ni kali, makanisa madogo mengi yamefungwa, na nyie mmekuja kupumzika pamoja, chumba mmekilipia. Jioni ndo Roma inakuwa tamu.

Siku yenyewe. Asubuhi isiwe na saa. Kunyweni kahawa kwenye baa ya mtaani, mkisimama kaunta bei ni ndogo kuliko mkikaa. Halafu pandeni Aventino, kilima kimetulia, kuna Bustani ya Michungwa yenye ukingo unaotazama mto na kuba, kuingia bure. Hatua chache kutoka hapo kuna lango la kijani la nyumba ya Mashujaa wa Malta (shirika la kale la Kikatoliki), kwenye tundu lake la ufunguo ukichungulia unaliona kuba la Mtakatifu Petro limekaa katikati kabisa ya uzio wa majani, kuna foleni lakini inaenda. Mkiwa mmeenda Mei, bustani ya waridi ya manispaa iko chini ya kilima hicho hicho inatazama Circo Massimo, uwanja wa kale wa mbio za magari ya farasi, inafunguliwa msimu wa maua tu, bure. Kama kuna barua ya kusomeana isomeni kwenye benchi la huku, chemchemi ya Trevi hamtasikilizana.

Mchana rudini chumbani, ogeni, vaeni vizuri. Ila viatu! Barabara za katikati zimejengwa kwa vijiwe vya mraba vyeusi na kati ya kijiwe na kijiwe kuna mwanya unaotosha kisigino chembamba kuzama, mtu anavutwa anaacha kiatu nyuma. Kisigino kinene au kiatu bapa kizuri, na kama lazima kile kirefu kibebeni kwenye mfuko mbadilishe mlangoni pa mgahawa, hakuna atakayewashangaa.

Machweo nendeni Pincio au kilima cha Gianicolo, afu chakula. Meza iwe imebukuliwa wiki moja au mbili kabla, kwa simu au ujumbe, mkisema ni watu wawili na ni anivasari. Jikoni nyingi za usiku zinaanza saa moja na nusu, mkienda saa moja mtakuta wanapanga viti. Chagueni mahali padogo kuliko pale penye mandhari ya kwenye kadi za posta, migahawa iliyo uso kwa uso na vivutio inaishi kwa wageni ambao haitawaona tena. Dalili ya kukimbia ni menyu yenye picha za vyakula na mtu mlangoni anayewavuta.

Trevi iwekeni siku yoyote lakini alfajiri, au usiku umekwenda. Kuanzia Februari 2026 kushuka chini karibu na maji ni yuro 2 kwa mgeni, kutazama kutoka juu uwanjani ni bure. Sarafu mnatupa kwa mkono wa kulia kupitia bega la kushoto, na zinakusanywa zinapelekwa Caritas, shirika la hisani la Kanisa Katoliki, kusaidia wenye shida, kwa hiyo tupeni kwa moyo. Msiingize miguu majini, na kwenye zile ngazi maarufu za Piazza di Spagna kukaa kumekatazwa tangu 2019, faini ni mamia ya yuro.

Siku mbili zinazobaki ni Vatikani moja na Borghese moja. Katikati yake tafuteni kanisa la San Luigi dei Francesi, karibu na Piazza Navona, kuingia bure. Mbele kushoto kuna kikanisa chenye michoro mitatu ya mchoraji Caravaggio ya Mtakatifu Mathayo, yule mtoza ushuru, kiko gizani, kuna kiboksi cha kutumbukiza sarafu, taa inawaka mnaona ule mwanga unamwangukia Mathayo mezani penye pesa, afu baada ya muda taa inazima na wote mliokuwa mmesimama pale mnaangaliana nani ana sarafu nyingine. Bebeni za kutosha.

Chakula kwa kifupi

Pasta za Roma ni nne: cacio e pepe, gricia, carbonara na amatriciana. Tatu za mwisho zina guanciale, nyama ya shavu la nguruwe, kwa hiyo kama hamli nguruwe ya kwenu ni cacio e pepe, jibini la kondoo na pilipili manga basi, na ikipikwa vizuri haihitaji kingine. Mtaa wa zamani wa Wayahudi, Ghetto, una migahawa ya kosher (inayofuata sheria za chakula za Kiyahudi) isiyo na nguruwe kabisa, huko kuleni carciofi alla giudia, ua la artichoke, mboga yenye majani mengi yaliyofumbana, linakaangwa zima mpaka linafunguka na majani yanakuwa makavu unayavunja kwa vidole. Ijumaa jioni na Jumamosi mchana mingi imefungwa.

Kwenye bili mtaona hela ya mkate au coperto, ni kawaida yuro moja mpaka tatu kwa mtu, si wizi. Bakshishi si lazima, mkifurahi acheni kidogo. Maji msinunue nunue, mji una mabomba ya chuma zaidi ya 2,000 yanayomwaga maji safi ya kunywa saa zote, ziba mdomo wa bomba kwa kidole na maji yanaruka kwa juu kupitia kitundu kidogo, mnakunywa bila kuinama.

Kuzunguka na usalama

Mabasi na metro ni yuro 1.50 kwa dakika 100, mnagusisha kadi ya benki kwenye mashine, na kila mtu agusishe kadi yake, moja haiwahesabu wawili. Tiketi ya karatasi kwenye basi lazima igongwe mhuri kwenye mashine, mkaguzi hasikilizi maelezo.

Vibaka wapo, hasa Termini, metro ya mstari A na basi namba 64 linaloenda Vatikani. Simu isikae mfuko wa nyuma, pasipoti halisi moja iache hotelini siku ambazo tiketi haina jina. Na wapenzi wana mtego wao maalumu, mtu anakuja anampa mwanamke waridi au anakufunga kamba mkononi "zawadi, bure", ukishaishika anadai pesa kwa mwanaume mbele za watu. Mikono mfukoni, "no grazie", mnaendelea kutembea. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kurudi

Kama mmenunuliana zawadi na mnaishi nje ya Umoja wa Ulaya, ununuzi unaozidi yuro 70 kwenye duka moja lenye huduma ya tax free mnarudishiwa sehemu ya kodi. Onyesheni pasipoti dukani siku ya kununua mpewe fomu, kitu kikae hakijatumika, na uwanja wa ndege muende kwanza kwenye kaunta ya kodi kabla ya kukabidhi mabegi, maana wanaweza kutaka kuviona. Fikeni masaa matatu kabla ya ndege. Na ile pete au cheni mliyopeana usiku wa siku ya tatu, hiyo fomu yake isiwekwe kwenye begi la chini, ikae mkononi pamoja na risiti.